Mpeni Baridi Kazi: Bustani ya Nyumbani Mwezi wa Novemba

(Maneno haya niliyasema mbele ya ndugu zetu Waswahili wa Louisville, jimbo la Kentucky, Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba. Kwa walioomba niyaandike, haya hapa.)

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na vijana mliokuja kuwasindikiza wazazi, hamjambo. Bwana asifiwe kwa wenye kuitika hivyo, na asalamu aleikum kwa wenye kuitika hivyo.

Usiku wa leo, ikifika saa nane, saa za nchi hii zinarudishwa nyuma hadi saa saba. Kuanzia kesho jua litatua kabla ya saa kumi na mbili, na wengi wenu mtatoka kazini giza limeshaingia. Ndiyo maana niliposikia nimepangiwa kuzungumza juu ya bustani, nilijua wapo watakaouliza: bustani gani mwezi huu? Nyanya zimeungua kwa jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku. Bamia zimebaki vijiti. Matembele yamekuwa meusi kwa usiku mmoja. Jembe limeshaegeshwa, na watu wanasema tutaonana Mei.

Hapo kwenye hiyo Mei ndipo ninapotaka tugombane kwa upendo.

Wengi wetu tumetoka Kigoma, Uvira, Fizi, Bujumbura, Rumonge, na wengi tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko mchana una saa kumi na mbili hivi, mwaka nenda mwaka rudi. Anayetuambia tupande ni mvua. Wingu likijikusanya juu ya ziwa mwezi wa tisa au wa kumi, kila mtu anajua la kufanya, hata mtoto. Hapa Kentucky mvua inanyesha mwezi wowote, kwa hiyo macho yetu tuliyozaliwa nayo hayatusaidii sana. Hapa anayeamua ni mwanga na baridi. Kwa kuwa baridi hatukuzaliwa nayo, tumeichukulia kuwa adui: ikija, tunafunga mlango na kuiachia shamba.

Mimi nasema baridi ni kibarua. Inakuja kila mwaka bila kuitwa, inakaa miezi minne, haidai ujira. Sisi ndio hatujaipa kazi. Leo nataka niwaonyeshe kazi za kuipa, na nitaanza na ile ninayoipenda kuliko zote.

Hiki nilichoshika ni kichwa cha kitunguu saumu. Kwetu Tanzania saumu nzuri inatoka sehemu kama Mbulu, kwenye nyanda za juu, ambako usiku mtu analala na blanketi mbili. Si bahati tu. Mmea huu unahitaji baridi ili kichwa kigawanyike kuwa punje. Ukiupanda Aprili pamoja na nyanya, mara nyingi Julai utavuna kitu cha mviringo kisicho na punje ndani, kama kitunguu maji kidogo. Kinaliwa, lakini si ulichokitaka. Saumu inataka ikae ardhini wiki kadhaa kwenye baridi ya chini ya digrii 10 za Selsiasi. Sasa niambieni, nani kati yetu hana baridi hiyo nyuma ya nyumba yake? Wakulima wa nchi za joto wanalazimika kuweka mbegu ya saumu kwenye majokofu. Sisi jokofu letu ni uwanja wenyewe.

Tazameni ninavyofanya. Kichwa nakibomoa kwa vidole, punje zitengane, lakini ganda la kila punje silitoi. Punje kubwa ndizo za kupanda, ndogo zinaenda jikoni. Mtu asifanye kinyume kwa kuonea uchungu zile kubwa, maana punje kubwa huzaa kichwa kikubwa. Kila punje ina ncha na ina kitako. Kitako hiki, hapa panapokwaruza ukipapasa, ndipo mizizi itokeapo. Kinakaa chini, ncha inatazama juu. Shimo liwe la sentimita 5, yaani vidole vitatu vya mtu mzima, na kati ya punje na punje uache sentimita 15. Fukia, shindilia kidogo kwa kiganja, basi. Kama mvua haijanyesha, mwagilia mara moja.

Halafu tandaza. Matandazo ya mabua ya ngano au majani ya miti, unene wa sentimita 10 hadi 15. Hii si ya kuipa joto saumu. Saumu haitaki joto. Ni ya kuzuia udongo usigande na kuyeyuka, ukagande tena na kuyeyuka, maana mchezo huo ndio unaozisukuma punje zitoke juu. Kentucky Januari ina tabia hiyo: Jumatatu barafu, Alhamisi watu wamevaa fulana.

Msishangae mkiona majani mabichi yamechungulia mwezi wa kumi na mbili. Hayajakosea. Ncha zinaweza kuungua kidogo, mmea haufi. Ile aina yenye shina gumu itatoa kikonyo kilichojikunja mwezi wa tano hivi. Kikateni mkipike, ni kitamu na mayai, na kichwa chini kitanenepa zaidi. Mwezi wa sita, majani ya chini matatu au manne yakishakauka na ya juu bado ni kijani, chimbeni. Aina hii ya shina gumu ndiyo inayostahimili baridi ya hapa vizuri zaidi. Ile ya dukani mara nyingi ni ya shina laini, imetoka nchi ya joto, na mara nyingine imetibiwa isichipue. Msiitumie kwa mbegu. Tafuteni mbegu kwa mkulima wa sokoni aliyeipanda hapahapa.

Na wenye kusema "sina uwanja, napanga ghorofani", chukueni ndoo mbili za galoni tano zile zinazotolewa na waoka mikate, zitobolewe chini, ziegemezwe ukuta wa jua na kuzungushiwa majani makavu. Udongo wa ndoo unaganda upesi kuliko wa ardhini, kwa hiyo hilo la kuzungushia si pambo.

Kazi ya pili ya baridi ni sukuma wiki. Wakenya mlioko hapa, nawaona mnatabasamu. Sukuma zenu ambazo zilidumaa Julai kwa joto na viwavi, sasa hivi ndio zimeamka. Zinastahimili hata digrii 6 au 7 chini ya sifuri, na zikipigwa na jalidi zinageuza wanga wake kuwa sukari ili maji ndani ya jani yasigande upesi. Ndiyo sababu sukuma ya Desemba ni tamu kuliko ya Agosti. Msizing'oe! Chumeni majani ya chini mkiacha moyo, na msichume asubuhi jani likiwa limeganda; ngojeni mchana liyeyuke, lisije likaoza. Usiku mkali tupieni kitambaa chepesi cha kufunikia mimea, kiinuliwe kwa fito za waya. Majirani zetu Wamarekani weusi wanalijua jani hili tangu zamani. Siku ya mwaka mpya nyumba nyingi zao hupika sukuma na kunde, na hiyo kunde ilitoka Afrika pamoja na watu wao. Mkipeleka fungu la sukuma kwa jirani tarehe 31 Desemba, hamtahitaji Kiingereza kingi.

Jambo moja muhimu kuhusu mwanga. Kuanzia katikati ya Novemba hadi karibu mwisho wa Januari, mchana wa hapa unashuka chini ya saa kumi, na mimea karibu yote inasimama kukua. Haijafa, imesimama. Kwa hiyo msitegemee mbegu ya leo iwape mboga ya Krismasi. Mboga ya Krismasi ni ile iliyokwisha kukua. Spinachi mnaweza kuimwaga hata sasa. Italala, itaota yenyewe mwezi wa tatu mapema kuliko yoyote mtakayoipanda kwa mkono.

Sasa udongo. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye moyo wangu.

Kwetu tulizoea kufyeka, kukusanya na kuchoma. Hapa majirani wanafagia majani ya miti, wanayatia kwenye mifuko ya karatasi na kuyapanga barabarani yachukuliwe. Mimi nikiyaona hayo mifukoni naona mboji inayotupwa. Muombeni jirani, atafurahi. Muulizeni kwanza kama uwanja wake umepigwa dawa ya magugu. Kama umepigwa, muachieni. Majani ya mwalnati mweusi, mti ambao Kentucky umejaa, yatengeni pia, maana yana sumu inayodhoofisha nyanya. Yaliyobaki yapitishieni mashine ya kukatia nyasi yasagike, kisha yajazeni kwenye duara la waya wa kuku lenye upana wa mita moja, myaloweshe. Yakisagwa, mwaka ujao wakati kama huu yatakuwa yamelainika na kunukia msitu. Udongo wa mji huu mwingi ni mfinyanzi mzito. Ukikauka unapasuka, ukilowa unashika koleo lisitoke. Hakuna dawa ya dukani inayoushinda mfinyanzi kuliko majani yaliyooza, mwaka hadi mwaka. Na tafadhali, msiulime ukiwa umelowa. Finyangeni donge mkononi. Likikataa kumeguka, rudini ndani.

Samadi pia wakati wake ni huu. Kanuni ya kilimo hai cha Marekani inasema samadi mbichi iwekwe siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Mkiiweka wiki hii, mwezi wa tatu siku hizo zimetimia. Kentucky ni nchi ya farasi, samadi haikosekani. Ila muulizeni mwenye farasi swali moja: nyasi anazowalisha zimepigwa dawa gani? Ipo dawa ya magugu ya malishoni ambayo inapita tumboni mwa farasi bila kuharibika, inakaa kwenye samadi, na nyanya na maharage yakiigusa majani yanajikunja. Asiyejua jibu, shukuruni mwende kwa mwingine.

Na tuta lisiachwe uchi. Kuna nafaka iitwayo rai inayoota hata kwenye baridi ya digrii mbili tatu, na bado hamjachelewa kama mtaimwaga wiki hii. Konzi moja kwa kila mita ya mraba, pitisheni reki, basi. Mizizi yake itashika udongo usichukuliwe na mvua za Februari. Mwezi wa nne mnaikata na kuifukia wiki tatu kabla ya kupanda. Lakini sikilizeni, mama zangu wa lengalenga, yaani mchicha: rai ikioza inazuia mbegu ndogo kuota, na mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko zote. Kwa hiyo rai iwekeni mahali mtakapopandikiza miche ya nyanya na biringanya. Tuta la mchicha lifunikeni kwa majani tu.

Nikitoka hapo nakuja kwenye jambo lisilonipa raha kulisema, lakini kukaa kimya ni dhambi. Nyumba nyingi tunazopanga katika mitaa ya zamani zilijengwa kabla ya mwaka 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani. Rangi ile ilibanduka, ikadondoka chini ya kuta, na bado ipo. Risasi haiozi. Mvua haiisafishi. Tukaongezewa na moshi wa magari ya miaka ile ya petroli yenye risasi. Wataalamu wa afya wa nchi hii wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Na sisi tunapenda kupanda pale pale chini ya ukuta, kwa sababu pana joto na pako karibu na jiko, na watoto wetu wanacheza hapo hapo.

Pimeni. Sasa ndio wakati, maabara hazina msongamano wa masika na ninyi mna miezi ya kutengeneza mlichokuta. Chukueni ndoo safi ya plastiki, chimbeni sehemu kumi za bustani hadi kina cha sentimita 15, kila sehemu mtoe kipande chembamba, changanyeni, toeni mawe na mizizi, mkianike juu ya karatasi mpaka kikauke. Vikombe viwili vinatosha. Pelekeni kwenye ofisi ya ugani ya kaunti, ambayo iko chini ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Kipimo cha kawaida kitawaambia ukali wa udongo, yaani asidi yake, na virutubisho. Kipimo cha risasi muombe wazi, kwa maneno, maana hakiji chenyewe. Wakiwaambia udongo una ukali mwingi, wekeni chokaa ya kilimo mapema. Inachukua miezi kufanya kazi, na miezi hiyo ndiyo hii ya baridi. Wakiwaambia risasi ni nyingi, usilimwe udongo ule. Jengeni tuta la mbao, lijazwe udongo ulionunuliwa, mbali na ukuta. Mboga za majani na za mizizi ndizo za kuogopa zaidi, kwa kuwa vumbi linakaa juu yake na udongo unashika kwenye mizizi. Nyanya na bamia hatari yake ni ndogo. Na mboga zote zioshwe sana, hata zile mlizozilima wenyewe.

Mbegu. Nimeona nyuma ya nyumba za watu vichwa vya lengalenga vimekauka vimesimama. Kateni leo kabla ndege hawajamaliza. Vitundikeni ndani siku chache, visugueni juu ya shuka, kisha mpepete kwa ungo kama mlivyofunzwa na mama zenu. Makapi yanaruka, mbegu nyeusi zinazong'aa zinabaki. Chupa kavu, jina na mwaka juu yake, mahali pakavu pasipo joto. Watoto wafanye kazi hii pamoja nanyi. Wao wamezaliwa hapa au wamekuja wadogo, hawajawahi kushika ungo.

Matembele yaliyokwisha kuungua yameungua. Lakini kama kuna mche umebaki kijani chini ya ukuta, ukateni leo hii, vipande vya urefu wa shibiri, vitieni kwenye chupa ya maji dirishani. Ndani ya wiki vitatoa mizizi, vipandeni kwenye chungu vikae ndani hadi Mei. Asiyenacho aombe kwa mwenzake. Na viazi vitamu vilivyochimbwa visiwekwe kwenye friji. Vinaharibika kwa ubaridi. Kabati la ndani linatosha.

Nimalize na mti mmoja. Msitu wa Kentucky una tunda la asili liitwalo pawpaw. Si papai. Ni ndugu wa stafeli na topetope, wa ukoo ule ule mmoja, aliyezoea barafu. Nyama yake ni ya manjano, laini, ladha kati ya ndizi na embe, na linaiva Agosti hadi Septemba. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky, kilichoko Frankfort, kimekuwa kikilifanyia utafiti tangu mwaka 1990. Mbegu yake nayo inaihitaji baridi: bila kulala kwenye unyevu wa baridi siku 70 hadi 100, haioti. Na haitakiwi ikauke hata kidogo. Mliokula msimu huu mkazihifadhi mbegu zenye unyevu, zipandeni wiki hii kina cha sentimita mbili na nusu hivi, muweke alama, mtulie. Zitatoka kiangazi kijacho, zimechelewa kuliko kila kitu. Pandeni zaidi ya mti mmoja, na miti isiwe machipukizi ya shina moja, la sivyo mara nyingi haizai. Matunda ni baada ya miaka mitano hadi minane. Najua tumehama sana, na kumwambia mtu aliyekaa kambini miaka ishirini apande kitu cha miaka minane si jambo dogo. Nawaambia hata hivyo. Anayepanga amuombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi.

Kabla ya kukaa: fungueni mipira ya maji kutoka kwenye bomba la nje, usiku wa leo kama hamjafanya. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, na bomba linalopasuka ni lile lililo ndani ya ukuta.

Saumu za kupanda ziko meza ya nyuma, kila nyumba ichukue vichwa viwili, za shina gumu, zimelimwa hapahapa Kentucky. Wazee wasioweza kuchimba waandikishe majina. Vijana watapita Jumamosi ijayo asubuhi na majembe yao. Mifuko na fomu za kupimia udongo ziko kwenye meza hiyo hiyo. Anayesumbuliwa na Kiingereza cha fomu aje akae nami hapa mbele, tuzijaze sasa hivi kabla chakula hakijaletwa.